Maji ya Kunywa na Maji ya Mtihani

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani yoyote. Mtu akisoma akaona inafanana na kwao, asinilaumu mimi. Ajue tu kwamba kwao ndiko kulikoiga. Mimi ni raia mwema wa nchi hiyo, mpiga ngoma wa kikundi cha hamasa, na kazi yangu ni kuwachangamsha viongozi wanapokuja kuzindua vitu. Sina elimu ya kupinga jambo. Nikiambiwa piga, napiga.

Kwanza nieleze desturi yetu ya uzinduzi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtoto wa dada yangu alifelishwa. Kwingineko duniani, nasikia, kitu hujengwa kwanza ndipo kikazinduliwa. Sisi tuliona huo ni ucheleweshaji wa maendeleo. Kwetu kitu huanza kuwepo siku utepe unapokatwa. Waziri akija, akakata, akapigiwa makofi, basi kuanzia saa ile daraja lipo, hata kama watu bado wanavuka kwa kukunja suruali. Sheria inasema hivyo hivyo, na anayebisha huulizwa kama alikuwapo siku ya utepe.

Kijiji chetu cha Mbugwani kilibarikiwa kuliko vingine. Mradi wetu wa maji ulizinduliwa mara tatu, na mawaziri watatu tofauti, na mara zote ngoma nilipiga mimi. Kwa kuwa haipendezi waziri kuzindua kitu cha mwenzake, kila mmoja alianza upya kwa maneno yale yale: "Leo, kwa mara ya kwanza, wananchi wa Mbugwani wanapata maji safi na salama!" Kisha alifungua bomba pale uwanjani, likatoa kikombe kimoja cha maji, akanywa, tukashangilia, akaondoka. Dada yangu naye akachukua ndoo yake akaenda mtoni kama kawaida.

Kwa sifa hizo, mradi wetu ukaingia katika mtihani wa taifa wa darasa la saba.

*

Lilikuwa swali la lazima. Anayelikosa, hata apate mengine yote, hapandi kidato cha kwanza, anarudia darasa. Nalo lilikuwa hivi: "Mradi wa Maji wa Mbugwani unatoa maji (a) mengi, (b) mengi sana, (c) mengi mno, (d) hautoi."

Majibu matatu ya kwanza yote yalikuwa sahihi, yakitofautiana kwa uzalendo tu. La nne liliwekwa kwa sababu kanuni inataka majibu manne, na watunzi walikuwa wameishiwa na maneno ya wingi. Hakuna aliyetegemea kwamba mtoto atalichagua, kama vile mwenye nyumba anapomwambia mgeni "si ulale tu huku huku" hategemei mgeni akubali.

Semeni alilichagua. Huyu ndiye mtoto wa dada yangu na shemeji yangu Mfaume, fundi baiskeli. Asubuhi ya mtihani alikuwa ametoka mtoni na ndoo kichwani, na alipoketi kwenye dawati sketi yake ilikuwa bado inachuruzika. Alisoma swali, akajitazama, akaweka alama kwenye (d).

Matokeo yalipotoka, Semeni alikuwa wa kwanza wilaya nzima katika hesabu, wa kwanza katika sayansi, wa pili katika lugha. Chini yake wakagonga muhuri: ARUDIE DARASA LA SABA.

Nilimkuta kajilaza mkekani analia mpaka kwikwi, na iliniuma, nasema kweli. Tangu yuko darasa la pili mtoto huyu ndiye aliyekuwa akitusomea maandishi ya chupa za dawa, na hamu yake moja duniani ilikuwa kuvaa sketi ya sekondari. Tena kwetu msichana anayerudia darasa hana usalama. Wachumba humhesabu kuwa amemaliza shule, isipokuwa yeye tu ndiye hajaambiwa.

Mwalimu Mkuu alikuja jioni, amekasirika kama aliyeibiwa kuku.

"Semeni mwanangu, niliwafundisha nini? Si nilisema kuna maji ya kunywa na maji ya mtihani?"

"Ulisema, mwalimu. Lakini swali halikusema ni yapi."

"Maji ya mtihani yapo! Wenzako wote wameyaona!"

"Wenzangu wote, mwalimu, asubuhi ile nilikuwa nao mtoni."

Mwalimu Mkuu alipangusa jasho, akaomba maji. Dada yangu akamletea kikombe, akanywa yote, akashukuru, akaaga.

*

Mfaume ni mtu wa maneno machache. Mengi huyasemea baiskeli. Lakini kwa mwanawe alivaa koti la harusi yake, tukaenda wote watatu, yeye, Semeni na mimi, hadi makao makuu, kwenye Baraza la Majibu Sahihi. Mwenyekiti wake ni Profesa Kisombo, msomi mkubwa ambaye hata salamu huijibu kwa vipengele.

"Ndugu mzazi," alisema, "kwanza, karibu. Pili, mtoto wako amejibu kwa kutumia macho. Macho hayamo katika mtaala. Tatu, Baraza hili linasahihisha majibu, halisahihishi vijiji. Pale kijiji kinapotofautiana na jibu, kosa ni la kijiji, nasi tunakishauri kijirekebishe."

"Profesa," Mfaume alisema, "weka tiki moja tu, tuondoke."

"Tiki!" Profesa aliruka kama aliyekalia siafu. "Ndugu yangu, tiki moja kwenye (d) ni kusema kwamba mawaziri watatu wa nchi hii walikunywa hewa hadharani! Unaujua uzito wa tiki hiyo?"

Semeni akadakia kwa adabu zote, "Shikamoo, Profesa. Wewe umewahi kufika Mbugwani?"

"Marahaba. Mbugwani naijua vizuri sana. Nimeitungia maswali miaka yote."

Basi tukaenda mahakamani. Wakili aliyekubali kututetea aliitwa Pankrasi, kijana mwembamba aliyesifika kwa jambo moja, kuahirisha. Hajawahi kushinda kesi, ila hajawahi kushindwa pia, kwa sababu kesi zake zote bado zinaendelea. Wanasema aliahirisha hata harusi yake, mpaka bibi harusi akakata rufaa.

*

Kesi ilimwangukia Hakimu Zaituni Kwembe, mama asiyecheka ovyo. Alisikiliza upande wa Serikali ukisoma tarehe za tepe tatu zilizokatwa, akasikiliza upande wetu ukisoma urefu wa njia ya kwenda mtoni, kisha akavua miwani.

"Mbona kesi hii nyepesi," alisema. "Wiki ijayo mahakama itakwenda bombani, ifungue koki, itazame."

Nawaambieni, Serikali ilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Vikao vilikaliwa juu ya vikao. Njia ya kuweka tiki haikuzungumzwa, maana ilikuwa rahisi mno kuwa ya kiserikali. Walichoamua ni kuleta malori ya maji. Yalikuja moja baada ya lingine, yakapanda kilimani penye tangi letu, wakawatoa popo waliokuwa wakiishi humo tangu utepe wa kwanza, wakalijaza hadi juu, kisha wakafukia mpira mrefu kutoka humo hadi kwenye koki.

Siku ya mahakama ilipofika, Hakimu na msafara wake walikuta wanawake wa kijiji kizima wamekwisha panga foleni na ndoo. Karani wa mahakama akapaza sauti, "Mahakama! Simameni!"

"Tumesimama tangu alfajiri, baba," akajibu bibi mmoja. "Na wewe nenda nyuma, usituletee mambo."

Mahakama ikapanga foleni. Ilipofika zamu yake, Hakimu akafungua koki, na maji yakatoka, meupe, yenye nguvu, yakamlowesha viatu. Wanawake wakapiga vigelegele. Profesa Kisombo akapiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Nilimtazama Semeni. Alikuwa amefurahi kwa ajili ya mama yake, na palepale amenywea, maana kila tone lililotoka pale lilikuwa linamrudisha darasa la saba.

Hapo ndipo Wakili Pankrasi alipoonyesha umahiri wake. "Mheshimiwa, naomba ahirisho. Maji haya ni mageni hapa kijijini. Mahakama iyape muda tuone kama yana nia ya kukaa."

"Ombi limekubaliwa," alisema Hakimu, akikung'uta viatu. "Mahakama itakuja tena siku yoyote, bila kutoa taarifa. Ikikuta koki kavu hata siku moja, mtoto ameshinda."

Profesa aliokota miwani yake, akayatazama malori, na malori yakamtazama yeye.

*

Kwa kuwa hakuna aliyejua Hakimu atakuja lini, ilibidi maji yawepo kila siku. Malori yakapanda na kushuka, na Mbugwani ikastawi. Watu walioga asubuhi na jioni, wengine adhuhuri pia kwa ajili ya kukomesha majirani. Mchicha ukaota hadi kwenye paa za vibanda. Wanaume waliotoroka vumbi wakarudi kwa wake zao. Dada yangu mgongo ukamnyooka, nikagundua kwamba kumbe ananizidi urefu. Na kila Hakimu alipotokea ghafla, Wakili Pankrasi aliomba ahirisho jingine, na maji yakaendelea kutoka.

Kisha ujumbe ukaja nyumbani kwa Mfaume, ukiongozwa na Mwenyekiti wa kijiji, akiwa amenawa uso hadi unang'aa.

"Bwana Mfaume," alianza, "tumekuja kwa heshima. Mwanao akishinda kesi, malori yanaondoka. Akishindwa, malori yanaondoka. Kwa hiyo wananchi wanaomba asishinde wala asishindwe. Kesi iendelee."

"Mpaka lini?" Mfaume aliuliza.

"Mpaka Mungu atakapopenda. Mtoto arudie tu darasa. La saba si baya. Mimi mwenyewe niliishia hapo hapo, na leo ni nani?"

Semeni alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwa hiyo, babu Mwenyekiti, mimi nirudie la saba mpaka niote mvi, ili ninyi muoge?"

"Si kuoga tu, mjukuu wangu. Na kufua."

Watu walicheka, lakini Semeni hakucheka. Alimgeukia mama yake, na sote tukamgeukia. Dada yangu alikaa akiitazama mikono yake.

"Siwezi kusema uongo," alisema hatimaye. "Mgongo wangu umepumzika, na kila nikilala naushukuru mtihani ule. Lakini nimebeba ndoo miaka yote hii ili huyu asije akaibeba. Kama ni kuchagua, nipeni ndoo yangu."

Ujumbe ukainamisha vichwa. Mwenyekiti alikohoa, akasema watakwenda kutafakari, na walipopita bombani kila mmoja alijaza kidumu chake.

*

Serikali ilichoka kabla yetu. Malori yalitoboa barabara, madereva wakaanza kuoa kijijini. Ndipo mtu mmoja huko wizarani, ambaye sijui kama bado yuko kazini, alipouliza kwa nini bomba lenyewe halitoi maji. Wakatuma mhandisi. Mhandisi akachimba kidogo akagundua kwamba bomba limekwisha pale pale uwanjani, nyuma ya jukwaa la wageni. Lilikuwa limetandazwa kwa urefu wa macho ya waziri, halikuzidi. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na shimo la kutosha mtu mmoja aliyechuchumaa na jagi. Sasa ndipo nilipomkumbuka bwana mmoja aliyekuwa akitokea huko baada ya kila sherehe, akijinyoosha kiuno. Mimi siku zote nilidhani amekwenda kujisaidia.

Kwa kuwa bomba lilikuwa nafuu kuliko malori, likatandazwa hadi kwenye chemchemi ya mlimani. Maji yakaja yenyewe, usiku na mchana, bila dereva. Kijiji kikacheza ngoma siku kadhaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwambia Mfaume kwamba sasa mtoto anaruhusiwa kushinda.

Ruhusa ilikuja kwa kuchelewa. Mwanasheria wa Serikali alikuwa amekwisha omba kesi ifungwe: maji yapo, yanatoka, hayana dalili ya kukoma, kwa hiyo (d) ni kosa na mtoto arudie darasa. Wakili Pankrasi alitafuta sababu ya kuahirisha, akaikosa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliugua homa. Siku ya hukumu ikapangwa, isomwe bombani.

Jioni moja Semeni alinikuta nimekaa na ngoma yangu, nikiipaka mafuta.

"Mjomba," aliniambia, "hili bomba jipya kazindua nani?"

"Hajazindua mtu."

"Hajazindua mtu? Maskini! Lina maji, lakini kisheria halipo."

Nikamwangalia. Akaniangalia. Kwa kweli sikuwahi kuona jambo kama hilo nchini kwetu, kitu kinachofanya kazi na hakijakatwa utepe. Ilikuwa aibu ya taifa. Kesho yake nilipanda baiskeli aliyonitengenezea Mfaume hadi ofisi ya wilaya, nikawaeleza. Mkuu wa wilaya alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kitu kimekamilika na Mheshimiwa hajui? Mnataka nifukuzwe kazi?"

Waziri mpya hakuwa amezindua chochote tangu ateuliwe na mkasi wake ulikuwa unamwasha. Alisema atakuja siku hiyo hiyo ya hukumu, kwa sababu watu watakuwa wamekwisha kusanyika.

*

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipiga ngoma siku ile kama sijawahi kupiga. Hakimu Zaituni alikuwa amekaa na hukumu yake mapajani, akisubiri, maana itifaki yetu haiwezi kuiacha sheria itangulie hotuba. Profesa Kisombo alikaa mstari wa mbele akitabasamu. Semeni alikaa chini karibu na miguu ya baba yake, amekunja vidole.

Waziri alipanda jukwaani, tumbo mbele, mkasi mkononi.

"Ndugu wananchi! Wako waliotangulia hapa na maneno. Mimi nimekuja na vitendo! Leo," na hapa aliinua mkono, nami nikajua kabisa kinachofuata kwa kuwa nimekisikia mara tatu, "leo, kwa mara ya kwanza katika historia, wananchi wa Mbugwani wanapata maji safi na salama!"

Akakata utepe. Ngoma ikalia. Profesa Kisombo hakupiga makofi. Alikuwa ameacha mdomo wazi na mikono hewani, kama mtu aliyesahau alikuwa anataka kukamata nini.

Hakimu alisimama.

"Mheshimiwa Waziri, mahakama imesikia vizuri? Umesema kwa mara ya kwanza?"

"Kwa mara ya kwanza kabisa!" alisema Waziri kwa furaha, akidhani anaombwa arudie kwa sababu ya utamu. "Kabla ya leo, hawa walikuwa wanakunywa na ng'ombe!"

Profesa aliinuka. "Mheshimiwa Hakimu, naomba ieleweke. Kwanza, Mheshimiwa Waziri ametumia lugha ya uzinduzi. Pili, lugha ya uzinduzi haimaanishi..."

"Profesa," Hakimu alimkatiza, "unataka kuiambia mahakama kwamba Mheshimiwa Waziri, hapa mbele ya wananchi, amesema uongo?"

Waziri aligeuza shingo polepole kumtafuta huyo Profesa. Profesa akakaa, na sikumsikia tena akitaja la tatu.

Hakimu Zaituni aliikunja hukumu aliyokuwa ameiandika, akasoma nyingine isiyokuwa na karatasi. Alisema: maji ya Mbugwani yameanza leo. Mtihani ulifanyika kabla ya leo. Kabla ya kuanza, kitu hakipo. Mtoto Semeni binti Mfaume alijibu sawasawa na apandishwe kidato cha kwanza mara moja.

"Na hao wengine wote waliojibu mengi mno?" aliuliza Mwanasheria wa Serikali kwa sauti ndogo.

"Hao hawakulalamika," alisema Hakimu. Kisha akachukua ndoo, akaenda kupanga foleni.

Mfaume, yule mtu wa maneno machache, alimbeba mwanawe begani, akazunguka naye uwanja mzima akipiga kelele ambazo hazikuwa maneno. Dada yangu alilia, nami nililia nikipiga ngoma. Waziri alidhani tunamshangilia yeye, akatupungia mkono. Aliondoka ameridhika sana.

*

Semeni alipangiwa shule mpya kabisa, Sekondari ya Wasichana ya Kilele cha Maarifa, fahari ya mkoa. Maelekezo yalimtaka aende na godoro, ndoo mbili, jembe na fyekeo. Mama yake alimshonea sketi, naye akaivaa siku tatu kabla ya safari, akilala nayo. Tulimsindikiza mimi na baba yake, sanduku la bati kichwani kwangu, godoro mgongoni kwa Mfaume, na ngoma yangu nikaining'iniza kifuani, maana mtoto wa dada hapelekwi sekondari kimyakimya.

Tulipofika tulikuta uwanja mkubwa wa majani marefu. Katikati palikuwa na jiwe la msingi, limebandikwa vibao viwili vya uzinduzi, na juu yake mbuzi amelala. Mfaume alizunguka akitafuta shule nyuma ya jiwe. Mimi sikuzunguka. Nilikuwa nimeanza kukumbuka mahali penyewe, na jukwaa lilikuwa upande gani, na kwamba siku ile ya utepe mvua ilitaka kunilowesha ngoma.

"Mjomba," Semeni aliniuliza, "hapa palizinduliwa?"

"Mara mbili, mwanangu. Nilipiga mwenyewe."

Nilidhani atalia. Aliishika sketi yake mpya kwa mikono yote miwili. Kisha akamfukuza mbuzi, akapangusa jiwe kwa kiganja, akaketi juu yake, akaweka fyekeo pembeni.

"Baba," alisema, "mpigie simu Wakili Pankrasi. Mwambie aombe mahakama ije ikae darasani kwangu. Na waambie hapa hapa ndipo nilipo, nimefika, nasubiri kipindi cha kwanza."

Mfaume akatoa simu. Mimi nikaiegemeza ngoma juani ngozi ikaze.